Gereza: Kuadhibu au Kutenga Tu?



Sehemu ya malezi yetu hapa seminarini ni utume wa nje. Wengine huenda hospitalini, wengine shuleni, na kikundi chetu mwaka huu kimekuwa kikienda gerezani kila Jumamosi. Wakati wa Kwaresima mmoja wetu alitoa tafakari parokiani juu ya maneno ya Bwana kuhusu kumtembelea aliye kifungoni (Mt 25:36), akawaomba waamini wachangie sabuni, dawa ya meno na kandambili. Baada ya Misa mama mmoja alitusubiri nje ya kanisa. Kijana wake aliuawa miaka kadhaa iliyopita katika ugomvi uliozuka kilabuni, na aliyempiga anatumikia kifungo kwa kosa la kuua bila kukusudia, katika gereza hilohilo tunalolitembelea.

Mama yule hakuwa na hasira. Alisema, “Mwanangu Frateri, sabuni nitatoa. Ila nieleze kitu kimoja. Yule yumo mle ndani kwa sababu ya alichomtendea mwanangu, au amewekwa tu asije akamtendea mwingine?”

Tulimjibu kwa maneno ya faraja tuliyoyazoea, na tukiwa njiani kurudi tulijua kwamba hatukumjibu. Makala hii ni jitihada ya kulichukua swali lake kwa uzito. Je, gereza lipo ili kuadhibu, au lipo ili kumtenga mhalifu na jamii, basi?

1. Sauti mbili tunazozisikia

Sauti ya kwanza husema: gereza litenge tu. Wenye mawazo hayo wana sababu nzito. Wanasema maumivu ya mfungwa hayamrudishii marehemu uhai. Wanasema kuadhibu ni kisasi kilichovalishwa joho la hakimu, na Bwana wetu alituonya juu ya jicho kwa jicho (Mt 5:38-39). Wanaongeza kwamba wahalifu wengi walikosa malezi, elimu na kazi. Kwa hiyo, tuwaweke mbali kama tunavyomweka mbali mgonjwa wa kipindupindu: bila chuki, kwa ajili ya usalama wa wengine.

Sauti ya pili ni ile tunayoisikia sokoni na kwenye daladala mwizi anapokamatwa: akaozee jela! Kwao gereza lisipouma si gereza. Wakisikia kwamba wafungwa wanasoma au wanafundishwa useremala, wanauliza kwa nini mhalifu apewe kile ambacho kijana mwema mtaani hakukipata.

Tukiwa wakweli, sauti zote mbili zimo ndani yetu. Tunapomfikiria mfungwa tusiyemjua, tunaisikia ya kwanza. Siku tunapoibiwa sisi, tunaisikia ya pili.

2. Ukweli uliomo katika kutenga

Tuanze kwa kukubali lililo kweli. Mamlaka halali ina wajibu wa kuwalinda watu dhidi ya anayewadhuru (taz. Rum 13:4). Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2266, inautaja ulinzi wa raia na wa utaratibu wa jamii kuwa mojawapo ya shabaha za adhabu.

Zaidi ya hapo, ni uwezo huu wa kutenga uliolisaidia Kanisa kufikia msimamo wake wa leo kuhusu adhabu ya kifo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimlinganisha mhalifu wa hatari na kiungo kilichooza, ambacho hukatwa ili mwili wote upone. Mwaka 2018 Papa Fransisko aliidhinisha maneno mapya ya namba 2267, yanayofundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki. Kati ya sababu zinazotajwa ni hizi mbili: hadhi ya mtu haipotei hata akitenda uovu mkubwa, na siku hizi kuna njia bora zaidi za kumzuia mhalifu ambazo zinawalinda raia bila kumnyima mkosaji nafasi ya kuongoka. Kwa maneno mengine, gereza linalozuia vizuri linaokoa maisha. Hatuwezi kulidharau.

Swali letu basi si kama kutenga kuna maana. Swali ni kama kunatosha.

3. Kutenga tu hakuna kikomo

Turudi kwenye mfano wa mgonjwa wa kipindupindu. Yeye hutoka akipona, na daktari ana vipimo vya kuonyesha kwamba amepona. Mhalifu je? Ni kipimo gani kitaonyesha kwamba moyo wake umepona?

Chukueni mifano miwili. Mtu ameiba kuku, na kila anayemfahamu anasema ataiba tena. Mwingine amemuua jirani yake kwa hasira katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Anajuta, na hakuna anayetegemea kwamba atarudia. Kama kazi ya gereza ni kutenga tu walio hatari, mwizi wa kuku atakaa ndani maisha yake yote, na aliyeua anaweza kutoka kesho. Dhamiri zetu zinakataa matokeo yote mawili. Zinakataa kwa sababu zinajua kwamba gereza lazima liangalie pia kile kilichotendwa, si kile kinachoogopwa peke yake. Adhabu hupimwa kwa kosa, na kwa hiyo ina mwisho. Hofu ya jamii haina mwisho.

Hata ile sheria ya jicho kwa jicho, tunayoitaja kama mfano wa ukatili, ilikuwa kikomo. Kabla yake tunamsikia Lameki akijisifu kwamba kisasi chake kitakuwa mara sabini na saba (Mwa 4:24). Torati ilikuja kusema: si zaidi ya kosa. Bwana wetu akatupeleka mbele zaidi, lakini hakuturudisha kwa Lameki.

Wanaotembelea magereza wanao ushahidi mwingine. Mle ndani kuna kundi ambalo kisheria limetengwa bila kuadhibiwa: mahabusu. Hawajahukumiwa, hivyo hawatumikii adhabu yoyote, wanashikiliwa tu. Kwa makosa yasiyo na dhamana, mtu hupelekwa mahakamani, kesi yake inatajwa, anaambiwa upelelezi haujakamilika, anarudi ndani, na baada ya siku kumi na nne hivi safari inarudiwa. Katika mazungumzo yetu ya Jumamosi, mfungwa mwenye miaka yake saba anaweza kutuambia amebakiza mingapi. Mahabusu hana cha kuhesabu. Wengi wao wametuambia kwamba afadhali wangehukumiwa. Hapo tulijifunza kwamba kutengwa bila adhabu, jambo linalosikika kuwa la upole linapojadiliwa darasani, linaweza kuwa zito kuliko adhabu yenyewe.

Historia inatuonya vilevile. Mwaka 1829 huko Philadelphia, Marekani, lilifunguliwa gereza ambalo kila mfungwa aliwekwa peke yake katika chumba chake, kimya, pamoja na Biblia. Waliolibuni walikuwa watu wa dini na wapenda mageuzi. Walitumaini kwamba mtu akiachwa na dhamiri yake atatubu. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842 akaandika kwa uchungu kwamba upweke ule ulikuwa unaziharibu akili za watu. Leo kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa kwa jina la Nelson Mandela, zilizopitishwa mwaka 2015, zinakataza kumweka mfungwa katika upweke wa namna hiyo kwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Mtu hakuumbwa akae peke yake.

4. Adhabu humheshimu mtu kama mtu

Hapa tunafika kwenye moyo wa mafundisho ya Kanisa. Namba 2266 ya Katekisimu, kabla ya kuzungumzia usalama, inasema kwamba shabaha ya kwanza ya adhabu ni kurekebisha vurugu iliyoletwa na kosa. Tena, mkosaji akiipokea adhabu kwa hiari, inakuwa malipizi. Na kwa kadiri inavyowezekana, adhabu inapaswa kumponya na kumrekebisha.

Neno malipizi tunalifahamu kutoka Sakramenti ya Kitubio. Tunaungama, tunasamehewa, kisha padre anatupa malipizi. Hakuna kati yetu anayefikiri kwamba padre analipa kisasi. Katekisimu (na. 1459) inaeleza kwamba ondoleo huondoa dhambi, lakini haliponyi majeraha yote ambayo dhambi imeyaacha, aliyeiba anapaswa kurudisha, aliyechafua jina la mtu anapaswa kulisafisha. Malipizi yanamwambia mwenye dhambi: wewe ni mtu unayeweza kuwajibika, na unaweza kutengeneza ulichoharibu.

Mnyama mkali hatumwadhibu, tunamfungia. Tukimfungia mwanadamu vivyo hivyo, bila kumwambia lolote kuhusu alichotenda, tumemshusha. Nabii Nathani hakumtenga Daudi. Alimsimulia habari ya tajiri aliyenyang'anya mwanakondoo wa maskini, mpaka Daudi mwenyewe akatambua kosa lake (2Sam 12). Na yule mwizi msalabani alikiri kwamba anapata anachostahili (Lk 23:41). Maneno hayo yalikuwa mlango wake wa peponi. Mtu ambaye hajawahi kuambiwa kwamba anastahili adhabu anawezaje kuyatamka?

Adhabu inazungumza pia na aliyekosewa. Kama kijana yule amewekwa ndani tu ili asimdhuru mwingine, basi hukumu haikusema neno hata moja kuhusu mtoto wa mama yetu. Ingekuwa ileile hata kama marehemu asingekuwa mtu wa thamani. Lakini hukumu ikisema, “Kwa sababu ya uhai wa huyu, utatumikia miaka hii,” jamii nzima imetamka mbele ya watu kwamba kijana yule alikuwa na thamani. Mama alikuwa anaulizia jambo hilo.

5. Adhabu ya namna gani?

Tukisema gereza liadhibu, wale wa “akaozee jela” wasishangilie mapema. Adhabu si ruhusa ya kutesa.

Karibu mwaka 412 huko Afrika ya Kaskazini, watu wa kundi lenye jeuri walimuua padre mmoja wa Mtakatifu Augustino na kumkata viungo mwingine. Walipokamatwa, Augustino alimwandikia Marselino, ofisa wa serikali, akimsihi asiwaue wala asiwakate viungo kwa kulipiza. Hakuomba waachiliwe. Aliomba wazuiliwe wasiendelee na uovu, na wapewe kazi fulani yenye faida. Alikuwa mchungaji aliyefiwa na padre wake, na bado aliona tofauti kati ya adhabu na kisasi: kisasi kinatafuta maumivu ya mkosaji, adhabu inatafuta kurudisha kilichovurugika.

Kanuni za Mandela zinasema jambo linalofanana na hilo: kumnyima mtu uhuru wake ni mateso tayari, na gereza lisiyaongeze bila sababu. Hakimu anapotoa hukumu ya miaka mitano, anaondoa uhuru wa miaka mitano. Hatamki njaa, wala kulala kwa zamu kwa sababu ya msongamano, wala kipigo, wala kifua kikuu. Mfungwa akiyapata hayo, ameadhibiwa kwa jambo ambalo hakuna mahakama iliyolihukumu.

Sheria za Kanisa lenyewe ni shule nzuri kwetu. Kanuni ya 1341, katika sehemu iliyofanyiwa marekebisho na Papa Fransisko mwaka 2021, inataja shabaha tatu za adhabu: haki irudishwe, mkosaji arekebishwe, na kikwazo kiondolewe. Hata kutengwa na Kanisa, ambako kwa jina ni kutenga, kumewekwa katika kundi la adhabu za kuponya. Kukishaondoka ukaidi moyoni, mkosaji hawezi kunyimwa ondoleo (kan. 1358). Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho wamwondoe kati yao mtu aliyeishi katika uovu mkubwa (1Kor 5). Katika waraka wa pili anazungumzia mtu aliyekwisha kuadhibiwa, ambaye wafasiri wengi wa kale walimwona kuwa ni yuleyule, akisema adhabu ile imetosha, sasa wamsamehe na kumfariji asije akamezwa na huzuni (2Kor 2:6-8). Paulo alijua kutenga, alijua kuadhibu, na alijua pia kusema imetosha.

6. Mfano wa Rwanda

Je, hayo yanawezekana penye uovu usiopimika? Tutazame kwa jirani zetu. Waamini wa Ngara wanakumbuka mwaka 1994, wakimbizi walipovuka Rusumo kwa maelfu na kambi ya Benaco ikajaa. Baada ya mauaji ya kimbari, mwishoni mwa miaka ya 1990 magereza ya Rwanda yalikuwa na watu wapatao 120,000. Ilikadiriwa kwamba mahakama za kawaida zingehitaji zaidi ya miaka 100 kumaliza kesi hizo. Kwa kweli wale watu walikuwa wametengwa tu. Waathirika hawakusikia ukweli, watuhumiwa wasio na hatia hawakusafishwa, na wenye hatia hawakuambiwa neno.

Kuanzia mwaka 2002 hadi 2012 mahakama za gacaca zilikaa vijijini, chini ya waamuzi waliochaguliwa na wananchi. Aliyekiri, akaeleza aliyoyatenda na kuomba msamaha aliweza kupunguziwa adhabu, na sehemu ya kifungo kuitumikia kwa kazi za jamii: kujenga nyumba za manusura, kutengeneza barabara, kuchimba matuta. Mwaka 2007 nchi hiyo ilifuta adhabu ya kifo. Hatusemi kila kitu kilikwenda vizuri. Watetezi wa haki za binadamu walilalamika kwamba watuhumiwa hawakuwa na mawakili, na kwamba palikuwa na ushahidi wa uongo. Lakini wajane wengi walijua hapo kwa mara ya kwanza mahali miili ya waume zao ilipotupwa, wakaweza kuwazika. Kumfungia mtu peke yake hakungewapa jibu hilo.

Katika parokia ya Mushaka, Jimbo la Cyangugu, Padre Ubald Rugirangoga, aliyefariki Januari 2021, alienda hatua nyingine. Mama yake mwenyewe aliuawa mwaka 1994. Alimsamehe mtu aliyehusika na kifo hicho, akasaidia kuwasomesha watoto wake. Lakini parokiani waliotoka gerezani hawakurudishwa kwenye Komunyo kana kwamba hakuna kilichotokea. Walipitia miezi ya mafundisho na toba, wakaenda kuomba msamaha kwa waliowakosea, ndipo wakapokelewa. Huruma ile ilikuwa na malipizi ndani yake.

7. Kusamehe na kuadhibu

Pengine mtu atauliza: nikimsamehe, niombe aachiliwe? Tarehe 27 Desemba 1983 Mtakatifu Yohane Paulo II aliingia katika gereza la Rebibbia, Roma, akaketi na Ali Agca, aliyempiga risasi Mei 1981. Alikwisha kumsamehe. Hata hivyo, Papa alitoka, na Agca akabaki. Italia ilimpa msamaha mwaka 2000, ikiwa inajulikana kwamba Papa aliutamani, baada ya karibu miaka 19 ya kifungo. Msamaha ulikuja kwanza, adhabu ikaendelea, na mwisho huruma ikaifupisha. Mambo hayo matatu hayakupingana.

Kwa hiyo tunaweza kusema hivi. Gereza liadhibu, lakini adhabu yake iwe kuondolewa uhuru, kwa kipimo cha kosa, na shabaha yake iwe kutengeneza kilichoharibika. Litenge pia, lakini kwa kadiri usalama unavyodai tu. Na pale ambapo kosa linaweza kulipwa bila kuta, zitumike njia nyingine. Kenya ina sheria ya kazi za jamii tangu mwaka 1998 na Tanzania tangu mwaka 2002. Zinamwezesha mwenye kosa lisilozidi kifungo cha miaka 3 kufanya kazi kwa faida ya umma huku akilala nyumbani kwake. Huko ni kuadhibu bila kutenga, na malipizi yake jamii inayaona.

8. Wajibu wetu

Kijana yule atatoka. Amebakiza miaka michache, na nyumba ya wazazi wake iko upande wa pili wa korongo, katika parokia ileile anayosali mama yetu. Siku hiyo tutajua tuliamini nini. Kama gereza lilikuwa la kutenga tu, tutaendelea kumtenga: hatapewa kibarua, na jumuiya itanyamaza akiingia. Kama lilikuwa la kuadhibu, basi adhabu imekwisha, na hatuna haki ya kuiongeza.

Lakini tusimwandae yeye tu. Tulirudi kwa mama yule, tukakaa barazani kwake. Tulimwambia: “Mama, yumo ndani kwa sababu ya mwanao. Hukumu ilimtaja kwa jina. Na tunapokwenda kule hatuendi kusema kwamba hakikutokea kitu.” Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama kijana yule huwa anamtaja marehemu. Tulimjibu ukweli, kwamba hatujawahi kumuuliza. Akasema, “Muulizeni.”

Tumelichukua agizo hilo. Tunawaomba mtuombee, na mwombee pia familia zote mbili.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Je, jumuiya yetu inaifahamu familia iliyopoteza mtu au mali kwa uhalifu? Tangu siku ya mazishi au ya tukio, tumeitembelea mara ngapi?
2. Yupo kati yetu aliyemaliza kifungo? Ni adhabu gani tunayoendelea kumpa ambayo mahakama haikuitamka?
3. Nilipoungama mara ya mwisho, je, malipizi yangu yalitengeneza chochote nilichokiharibu?
4. Someni barua kwa Filemoni. Paulo anaomba nini kwa ajili ya Onesimo, na anasema nini kuhusu deni lake?